Maziwa Hayapandi Motoni

Ngungu, 3 Juni

Nimepata nafasi. Naandika hili kwanza, ili nikifungua daftari hili uzeeni nisije nikasema nilikuwa naota. Chuo kikuu kimoja cha Rabat, kule Moroko, kimenikubali nisomee udaktari wa mifugo, tena kwa bourse, masomo ya kulipiwa.

Symphorien naye amepata. Tulisoma pamoja kwenye institut, chuo cha mifugo, dawati moja mpaka tukamaliza: mimi mtoto wa mlima na ng'ombe, yeye mtoto wa msitu wa Buleusa, huko Walikale, anayesema maziwa ni chakula cha watoto wachanga na paka. Alinipigia simu akipiga kelele hadi nikaiweka mbali na sikio.

Yeye ndiye aliyesema niandike. Ameingia kwenye kundi la WhatsApp la Wakongomani wanaosoma kule, na mashauri yao hayaishi. Mmoja amewaambia wageni waandike kila siku kabla ya kuondoka, maana ukifika kule utasahau hata harufu ya kwenu. Mimi si msahaulifu. Lakini naandika.

Masharti ni haya. Nifike kabla ya tarehe kumi na tano Septemba. Cheti cha daktari cha kusema mwili ni mzima kitolewe mwezi wa Agosti, si mapema zaidi. Na bourse haiahirishwi: asiyefika, nafasi yake inachukuliwa na jina linalofuata. Pasipoti ninayo, ile niliyoingojea tangu Pasaka ya mwaka jana.

Baba aliposikia alitoka akaenda zizini. Nikamuuliza Mama kama amekasirika.

"Hapana. Papa yako Sebarenzi analiaka tu mbele ya ngombe," akasema.

5 Juni

Kiangazi kimeingia. Vumbi mpaka kwenye uji.

9 Juni

Bihogo ameporomosha mimba.

Bihogo ni ng'ombe wangu. Nyanya yake ndiye niliyepewa siku ya ubatizo, na uzao wake umebaki kuwa wangu mpaka leo. Kaka yangu Shyaka alinigongea dirisha alfajiri. Ndama alikuwa ametoka mfu, manyoya yameshaota, na kondo la nyuma limekwama ndani. Glovu za institut zilibaki institut. Nikapandisha mkono wa sweta, nikaingiza mkono mpaka begani, nikalitoa kipande kwa kipande.

Kisha Shyaka akamchuna yule ndama, tukajaza ngozi majani makavu, nami nikaishona. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Ng'ombe akiilamba ngozi ya mtoto wake anaachia maziwa. Bila hivyo anayazuia. Nimeliona hilo tangu utotoni na sijawahi kuumia. Leo Bihogo alipoanza kulamba yale majani, nilienda kunawa mikono ili nisimtazame.

Mama anasema ni jicho la husuda. "Batu bamesikia habari yako ya Maroc. Jicho ikishindwa kukupata weye, inakamata ngombe yako."

14 Juni

Maziwa ya Bihogo yanatoka. Ngozi inafanya kazi yake.

20 Juni

Symphorien amekuja kutuaga kabla ya kwenda kwao Buleusa. Kwa watu wake, mtu hafungi safari ndefu kabla mjomba wake, ndugu wa mama, hajamwekea mikono kichwani na kumtajia majina ya waliotangulia. Yeye ni Mkristo, tena anaimba kwaya, lakini anasema hilo halibishaniwi. "Nikienda bila mujomba, hata avion itakataa kuruka na miye." Nilimcheka. Barabara ya Walikale si ya kuchezea siku hizi, na moyoni nilikuwa namwogopea.

Tulikaa uani na mashauri ya kundi lake. Karatasi zote za shule zikae mfukoni, zisikae kwenye valizi, yaani sanduku, kwa sababu valizi inaweza kwenda Istanbuli peke yake. Mwezi wa kwanza vyumba vya wanafunzi huwa havijawa tayari, kwa hiyo uwe na mtu wa kukulaza, na umpigie simu ukiwa bado huku. Watu wengi hufika na mashati mepesi wakidhani Afrika yote ni joto, kisha Desemba wanalala na viatu. Ujue kupika. Sombe, majani ya muhogo, ukiikausha vizuri inafika. Fromage, jibini anayoitengeneza Baba, je? Hawajui.

Mama akaleta inkongoro, kile chombo chetu cha mti cha kunywea maziwa, akampa kwa mikono miwili. Symphorien alikishika akanitazama kama mtu anayezama.

"Mama, munisamehe. Siye ku Buleusa hatukunywaka."

"Njo maana munabakiaka bafupi," Mama akasema, tukacheka sote, naye Symphorien akacheka zaidi yetu. Kisha akaharibu. Akauliza: "Ao labda munaichemsha kwanza?"

Uso wa Mama ulijifunga. Kwetu maziwa hayapandi motoni. Chai yetu ni ya maji. Ukichemsha maziwa, chuchu za ng'ombe aliyeyatoa zinapasuka na kiwele kinakauka. Ndivyo Mama alivyofundishwa na mama yake, naye na wa kwake. Mimi kwenye mitihani ya institut niliandika kwamba maziwa lazima yachemshwe, nikapata alama nzuri, nikarudi likizo nikanywa mabichi. Nina mdomo wa shule na mdomo wa nyumbani, na haijawahi kugombana.

2 Julai

Homa. Malaria, bila shaka. Nimekunywa dawa.

3 Julai

Jasho mpaka shuka likaloa.

6 Julai

Nafuu. Nimechota maji mwenyewe.

11 Julai

Gaju naye ameporomosha. Ndama jike.

Safari hii sikumsikiliza Mama na jicho lake. Wawili katika zizi moja, mimba kubwa wote, kondo kukwama wote. Jina la ugonjwa lilinijia nikiwa bado nimepiga magoti kwenye damu, pamoja na ukurasa wa kitabu lilipoandikwa. Gaju tulimnunua sokoni mwaka jana, hakuna aliyempima.

Nilimfuata Baba kwenye malisho.

"Papa, tupime ngombe yote. Niko naogopa ni brucellose."

Hakuuliza ni nini. Nadhani alishawahi kulisikia jina hilo la ugonjwa wa ng'ombe unaompata hata mtu. Akaendelea kuchonga fimbo yake.

"Na bakipata hiyo bugonjwa, banafanyaka nini?"

"Ile ya kugonjwa inachinjwa."

"Umuhoza, sikia. Ukitaja ile jina hapa, hakuna mutu atakunywa maziwa yetu tena, hakuna mutu atakula fromage yetu. Weye uko naenda. Siye tunabakia. Acha ngombe zangu."

Niliacha. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu wa kuondoka, nikirudi na udaktari wangu atanisikiliza. Jioni tulikunywa maziwa kama kawaida.

15 Julai

Hakuna cha kuandika. Upepo.

19 Julai

Homa imerudi. Muuguzi wa kituo cha afya anasema tifoidi. Amenipa vidonge vikubwa kama maharagwe. Nilitaka kumtajia lile jina, nikaona wanawake waliokaa kwenye benchi nyuma yangu, wote wanachukua maziwa kwetu. Nikafunga mdomo.

25 Julai

Mgongo unaniuma chini kabisa, pale mtu anapofungia mkanda. Siwezi kuinama kukamua. Baba naye ana mgongo tangu nikiwa mdogo, na homa zake ambazo tumeziita malaria maisha yote. Asubuhi tumeketi ukutani kuota jua, yeye na mimi.

1 Agosti

Mama amenunua blanketi kwenye mitumba ya Bweremana, zito, rangi ya udongo, na amelifua mara mbili kulitoa harufu ya watu wasiojulikana. Amelilaza kwenye valizi yangu chini kabisa, akaweka na sombe iliyokaushwa. Kila saa anafungua, anapanga upya. Sijui ni nini anachotafuta mle ndani.

Sasa ananinywesha maziwa ya Bihogo asubuhi na jioni, yangu peke yangu. Msafiri wa kwetu hashibishwi siku ya mwisho tu, anashibishwa tangu mwezi wa safari unapoingia. "Mutu mwenye alishiba maziwa ya kwao, barabara haimukamate," anasema, na anasimama pale mpaka nimalize, na anafuta povu mdomoni mwangu kwa kidole chake.

Nakunywa. Najua ninachokijua na nakunywa. Ningemwambia nini? Amebakiwa na majuma machache ya kuwa mama yangu wa karibu.

8 Agosti

Symphorien amerudi kutoka Buleusa, amekonda, miguu imejaa malengelenge. Barabara ilifungwa, akapita msituni na wawindaji. Mjomba wake amembariki. Nilipomwuliza walifanya nini, akasema hayo ni ya kwao.

Aliponiona alinitazama juu mpaka chini. "Umuhoza, uko sawa?"

"Nimechoka tu na kupanga mizigo."

"Uko natembea sawa na mama muzee."

Nikamwambia aende akaoe mjomba wake.

14 Agosti, Goma

Tumeteremka kwa pikipiki mpaka Bweremana, kisha mtumbwi wa moteri. Kila wimbi lilinipiga mgongoni. Symphorien aliniwekea mfuko wake wa nguo nikalie, akajifanya ni yeye aliyechoka kuubeba.

Hospitali, wametutoa damu wote wawili. Symphorien alipata cheti chake kabla ya mchana. Mimi daktari alinirudisha ndani. Anaitwa Nadine, mwanamke wa umri wa dada mkubwa, sauti ya chini. Aliniuliza homa zangu zinaendaje. Nikasema ni malaria iliyokwisha. Akaniuliza wazazi wangu wanafanya kazi gani. Nikasema wana ng'ombe. Hapo akaweka kalamu chini.

"Ku kwenu munachemshaka maziwa?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Ngombe haiporomoshe mimba?"

"Mbili," nikasema.

"Ulizigusa na mikono?"

Nilitazama mikono yangu. Akasema damu yangu imeonyesha kitu, lakini watarudia kipimo kesho ili kuwe na uhakika, nisikate tamaa. Watu husema hivyo kwa wale ambao wao wenyewe wameshawakatia tamaa.

15 Agosti, Goma

Ni brucellose.

Matibabu ni majuma sita. Na kwa kuwa imeingia mgongoni, huenda miezi mitatu, dawa kila siku bila kuruka, na kupumzika. Nikamwambia vizuri, nitakunywa dawa kule, kule wana hospitali kubwa kuliko hii, anisainie tu cheti. Alinyanyuka akapita nyuma yangu, akabonyeza kwa kidole gumba pale chini ya mgongo. Nilipiga kelele mpaka muuguzi akafungua mlango.

"Dada yangu," akasema, "nikisaini hii karatasi, ni uongo. Utaanguka mu chumba, kwenye haujue mutu. Nani atakupeleka ku hospitali? Kwa luga gani?"

"Nafasi yangu itaenda kwa mutu mwingine."

"Najua."

"Dokta, mumewahi kungoja kitu miaka yote, mukaonyeshwa mulango, mukafungiwa?"

Hakukasirika. Aliuliza tu: "Ulisoma mifugo?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa pole pole. Nilimchukia kwa hilo kuliko kama angenitukana. Kisha akaandika dawa, na kwenye karatasi nyingine akaandika kwamba watu wote wa nyumba yetu waje wapimwe, akaanza na Baba, niliyemweleza mgongo wake.

Symphorien alikuwa nje, cheti chake amekikunja akakificha ndani ya shati ili nisikione. Tulikaa kwenye ngazi. Alilia yeye kwanza.

18 Agosti, Ngungu

Niliwaambia jana jioni.

Baba alitoka akaenda zizini. Shyaka akauliza tutafanya nini na ng'ombe.

Mama alibaki amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Akauliza, "Maziwa yangu njo ilikufanya hivi?"

Nikamwambia labda ni mikono yangu, siku ya Bihogo ama ya Gaju. Ni kweli, inawezekana. Hakuna daktari atakayejua ni mlango upi ugonjwa uliingilia.

"Usinidanganye, mutoto yangu."

"Sijui, Mama. Sijui."

"Ulisoma mu shule kama maziwa inaleta bugonjwa?"

"Nilisoma."

"Na ulikunywa."

"Ulinipa wewe."

Niliona neno hilo likimfikia na sikuweza kulirudisha. Niliingia ndani. Naandika ukweli: siku ile nilimchukia Mama. Nilichukia inkongoro, kidole chake kilichofuta povu, nyanya yake na nyanya wa nyanya yake, wote waliokaa wakaogopa moto. Nilimchukia hadi usingizi ukanichukua.

21 Agosti

Dawa zinanitapisha. Mama anashikilia beseni.

24 Agosti

Baba amepita nyumba kwa nyumba akiwaambia majirani. Amelitaja jina lenyewe, mbele ya watu, kofia mkononi. Leo hakuna aliyekuja kuchukua maziwa. Nilikuwa namwona Baba ni mtu anayependa ng'ombe kuliko watu. Sasa sijui tena niseme nini juu yake.

30 Agosti

Niliwaandikia Rabat nikiomba wanisubiri. Wamejibu kwa adabu. Wananitakia afya njema, na jina linalofuata limepanda. Sijui ni la nani. Natumaini ana blanketi.

4 Septemba

Mama hajanipa tena maziwa. Nakunywa uji wa maji. Hatuzungumzi sana. Asubuhi namwona amesimama mbele ya Bihogo na ndoo mkononi, anakamua, anamwaga yote kwenye shimo aliloelekezwa na watu wa mifugo waliokuja kupima ng'ombe. Mwanamke ambaye alikuwa akipiga watoto kwa tone lililoanguka.

Na mimi hasira imeniisha, sijui ni siku gani. Nilimtazama leo akikung'uta ndoo, nikaona tu mtu aliyenipa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

7 Septemba

Nimeteremka Bweremana kumsindikiza Symphorien, ingawa Mama alinikatalia kwa ajili ya mgongo. Nilichukua valizi yangu, tupu isipokuwa blanketi na sombe. Begi lake lilikuwa limeshonwa kwa kamba za baiskeli.

"Kamata."

"Hapana, Umuhoza. Hii ni yako."

"Wewe ni mutoto wa msitu, baridi haujue. Kamata kabla sijabadilisha roho."

Aliichukua. Akaniuliza aniletee nini akirudi, nikasema anijie na mashauri, mengi kabisa, mpaka niyachoke: chumba kinapatikana vipi, soko liko wapi, nani anapokea wageni. Akasema kila juma ataandika. Mtumbwi ulipoondoka alisimama, wakampigia kelele akae. Niliona blanketi ndani ya valizi kana kwamba valizi haikuwa na kifuniko. Nililia pale ufukweni mbele ya wauza samaki, na mmoja wao akanipa kigoda bila kuuliza.

12 Septemba

Mvua ya kwanza. Imepiga mabati tangu mchana, vumbi lote limekuwa tope, na harufu ya ardhi imeingia mpaka kitandani.

Jioni Mama aliniita jikoni. Alikuwa amewasha moto mkubwa na ameweka sufuria, ile mpya ya wageni. Ndani mlikuwa na maziwa ya Bihogo. Baba na Shyaka walikuwa wamesimama mlangoni, mvua inawanyeshea mgongoni, hawaingii wala hawatoki.

"Watu wa mifugo wamesema nini?" nikauliza.

"Bamesema Bihogo atachinjwa juma inakuja. Niliuliza dokta Nadine ku telefone. Anasema ikichemka muzuri haina kitu." Hakunitazama. "Ni ngombe yako. Haiwezi kwenda safari yake ya mwisho, weye haukukunywa maziwa yake."

Maisha yake yote hakuwahi kuona maziwa yakichemka, kwa hiyo hakujua kwamba yanapanda. Yalipoanza kuvimba alirudi nyuma na mkono mdomoni. Yakapita ukingo, yakamwagikia moto, jiko likajaa moshi mweupe na harufu ya kuungua. Mama alipiga yowe kama aliyeona mtu anaanguka, akaikamata sufuria kwa mikono mitupu. Shyaka alimvutia nje, akamwingiza vidole kwenye maji ya mvua.

Yaliyobaki yalijaza inkongoro nusu. Aliyapuliza muda mrefu, akanipa kwa mikono miwili iliyoungua. Yalikuwa na ladha ya moshi. Nikanywa yote, naye akasimama mpaka nikamaliza, kama zamani.

13 Septemba

Asubuhi sikumwona Mama jikoni. Nikamkuta zizini, amechuchumaa kwenye tope, vidole vimefungwa kitambaa, anampapasa Bihogo kiwele, chuchu moja moja. Bihogo alikuwa anatafuna majani yake.

"Haikupasuka," Mama akasema.

Nikamshika bega ainuke. Hakuinuka. Alianza upya kutoka chuchu ya kwanza.

"Hata moja, Umuhoza. Hata moja haikupasuka."